Rangi ya Nguo Iko Ndani ya Maganda, Si Ndani ya Gogo la Mukula

Kila mkulima aliyewahi kukata mkungu wa ndizi anajua jambo hili: utomvu ukidondoka kwenye shati, shati hilo limekwisha. Utafua kwa sabuni, utaanika, utafua tena, na doa litazidi kuwa jeusi. Lakini maji ya lengalenga nyekundu yakimwagika kwenye kikwembe, unafua mara mbili tu na doa linatoka. Mimea yote miwili ina rangi. Mmoja unashika, mwingine unadanganya. Kazi yote ya kutia nguo rangi kwa mimea imesimama juu ya tofauti hiyo.

Siku hizi watengenezaji wa mitindo katika miji mikubwa, hapa Afrika na kule Ulaya, wanatafuta tena nguo, mifuko na vitunga vilivyotiwa rangi ya mimea. Wanasema ni rangi isiyoharibu mazingira. Kwa koperative ya vijijini, jambo hilo linaweza kuleta feza kidogo ya ziada mikononi mwa akina mama na vijana. Lakini linaweza pia kuleta hasara: miti kukatwa, maji ya kijito kuchafuka, mteja kudanganywa na kukimbia. Neno "asili" peke yake halilindi kitu. Hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tuchukue kipimo kimoja na kukishika mpaka mwisho: rangi inayofaa koperative ni ile inayotoka kwenye kitu ambacho tayari tunakitupa, ao kwenye mmea unaoota tena baada ya kuvunwa. Rangi inayodai kuua mti ao kuondoa maharagwe shambani, tuiache.

Ujuzi huu si mgeni kwetu

Watu wengine wanafikiri kwamba rangi za mimea ni jambo la Wazungu wa siku hizi. Hapana. Kule Kasai, watu wa Kuba wanajulikana duniani kote kwa nguo zao za rafia. Wanaume wanafuma kitambaa, wanawake wanashona nakshi juu yake, nyuzi fupi zinasimama mpaka kitambaa kinakuwa laini kama manyoya. Rangi yao nyekundu inatoka kwenye tukula, yaani unga wa kiini chekundu cha mti wa jamii ya mukula. Unga huo ulipakwa pia mwilini kwa kuchanganywa na mafuta, na vipande vya tukula vilivyochongwa vilitolewa kama zawadi wakati wa matanga.

Jirani zetu nao wana yao. Huko Mali, mafundi wa nguo ya bogolan wanachovya kwanza kitambaa cha pamba kwenye maji ya majani, kinakuwa cha njano. Kiisha wanachora juu yake kwa matope ya mtoni yenye chuma nyingi. Fasi tope lilipogusa inageuka kuwa nyeusi, na nyeusi hiyo haitoki. Huko Kano, Nigeria, kuna mashimo ya rangi ya nili ambamo wanaume wanachovya nguo za bulu tangu karne nyingi. Huko Uganda, gome la mti wa mutuba linapondwa mpaka linakuwa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu bila kuongezewa chochote. Tena mti hauufi, maana wanaufunga majani ya migomba baada ya kutoa gome, na gome jipya linaota.

Tuangalie hao watu wa mutuba vizuri. Wanavuna gome, na mti unabaki. Ndiyo siri ya kazi inayodumu.

Mukula: mti wa rangi uliouzwa kama gogo

Katika misitu ya miombo ya Haut-Katanga, na ng'ambo ya mpaka huko Zambia, Malawi na Tanzania, kuna mti ambao sisi tunauita mukula. Watanzania wanauita mkurungu. Jina lake la kisayansi ni Pterocarpus tinctorius. Neno hilo la pili, kwa Kilatini, maana yake ni "wa kutia rangi". Wataalamu wenyewe waliuita hivyo kwa sababu ya rangi yake.

Lakini katika miaka ya 2010, watu waliokuja kuutafuta hawakuja kwa ajili ya rangi. Walitaka magogo ya kupeleka China kutengeneza viti, meza na makabati mekundu ya beyi kubwa. Magogo yalitoka kwa malori mengi. Mwanakijiji aliyekata alipata kidogo, aliyevusha mpaka alipata mingi. Mti wenyewe unakua polepole sana, na aliyeukata hatauona mwingine wa ukubwa ule katika maisha yake. Mwaka 2019, mkataba wa kimataifa wa CITES uliweka mukula kwenye orodha yake ya pili: tangu hapo, mbao na magogo yake hayapaswi kuvuka mpaka bila kibali maalum.

Kwa nini tunaleta habari hiyo katika ukurasa wa rangi za nguo? Kwa sababu mtu akisikia kwamba rangi ya asili ina soko, wazo la kwanza ni kurudi msituni na shoka: "Si mukula iko na rangi nyekundu? Tukate." Ndugu, tusifanye hivyo. Rangi nyekundu ya mukula iko ndani ya kiini tu, na kiini kinakomaa kwenye mti mzee. Huwezi kuipata bila kuangusha mti wote. Tena, rangi hiyo haipendi maji. Ukichemsha vipande vya mukula, maji yanapata wekundu kidogo sana. Ndiyo maana wazee wetu waliisaga na kuipaka pamoja na mafuta. Utaua mti wa miaka mingi kwa rangi ambayo sufuria yako haitaitoa.

Kama kuna seremala karibu anayefanya kazi kwa mbao nyekundu zilizopatikana kwa halali, unga wa msumeno wake unaweza kutosha kwa majaribio madogo. Funika pua na mdomo wakati wa kuuokota, maana vumbi hilo linawasha kifua. Zaidi ya hapo, mukula tuuache usimame.

Rangi ya kiwanda, na fundisho la wakulima wa India

Mpaka katikati ya karne ya 19, nguo zote za dunia zilitiwa rangi kwa mimea, wadudu na udongo. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya malaria kwa kemikali za lami ya makaa ya mawe. Dawa haikupatikana, lakini alipata rangi ya zambarau. Hapo rangi za viwandani zilianza. Mwaka 1897, kampuni ya Ujerumani, BASF, ilianza kuuza nili ya kiwandani, na katika miaka michache soko la nili ya shambani lilianguka.

Rangi za kiwandani ni rahisi, zinashika, na mtu mwenye feza kidogo anaweza kuvaa nguo nyekundu. Tusizidharau. Shida yake ni maji machafu yanayotoka viwandani bila kusafishwa, na kemikali za rangi zingine. Mwaka 2002, Umoja wa Ulaya ulikataza, kwenye nguo zinazogusa ngozi, rangi zile za azo zinazoweza kutoa kemikali za kuleta saratani.

Lakini mkulima anapaswa kukumbuka pia upande mwingine. Nili ya shambani nayo iliwahi kuumiza watu. Huko Champaran, kaskazini ya India, wenye mashamba makubwa waliwalazimisha wakulima kupanda nili kwenye sehemu 3 kati ya kila sehemu 20 za shamba. Chakula kilipungua, deni likaongezeka. Mwaka 1917, Gandhi alikwenda huko kusikiliza malalamiko yao, na utaratibu huo ukavunjwa. Mwaka huohuo wa 1917, huku kwetu, serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya mazao ya lazima, na pamba ikawa mzigo wa vijiji vingi kwa miaka mingi. Wazee wetu walituachia hadithi za pamba ya lazima, za kilo na za fimbo.

Fundisho ni lilelile: zao la nguo likichukua fasi ya chakula, mkulima anabaki na nguo ya mtu mwingine na sahani yake tupu. Basi tusipande hekta za maua ya rangi. Tuanze na vile vitu vilivyoko jikoni, sokoni na kwenye ukingo wa shamba.

Tuna nini tayari?

Maganda ya vitunguu. Yale makavu, ya nje, yanayopepea chini ya meza sokoni. Yanatoa njano ya dhahabu mpaka rangi ya machungwa. Ongea na akina mama wauzaji, uwape gunia, wakuwekee. Yakiwa makavu hayaozi.

Kokwa na maganda ya avoka. Kokwa ni nyeupe ukiikata, lakini ikikaa hewani inakuwa nyekundu. Maji yake yanatoa rangi ya waridi iliyofifia, ya kupendeza sana. Inashika kwenye pamba vizuri kiasi. Zikate zingali mbichi, maana kokwa kavu ni kama jiwe.

Gome la akasia nyeusi. Huu ndio ule mti wa maua ya njano unaopandwa kwenye vilima vya Kivu kwa ajili ya makala na fito. Watu wanachoma mti, gome linatupwa ao linaungua bure. Katika Afrika Kusini na Kenya, gome hilo linauzwa kwa viwanda vya ngozi, kwa sababu lina tanini nyingi. Tanini ndiyo kile kitu kilichomo kwenye utomvu wa ndizi, kinachokaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Gome hilo linatoa kahawia na, zaidi ya hapo, linasaidia rangi zingine kushika.

Majani ya mikaratusi, yaani oikaliptusi. Kwenye pamba yanatoa rangi hafifu, lakini ukiongeza chuma kidogo yanatoa kijivu kizuri. Kwenye sufu ya kondoo yanatoa rangi ya machungwa ao kutu.

Tagetes, yale maua ya njano na machungwa yenye harufu kali. Agronomo wengi wanashauri kuyapanda kati ya mistari ya mboga kwa sababu yanapunguza minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Basi hapo unapata faida mbili: mizizi inalindwa, na maua unayakausha kwa rangi ya njano.

Mnili. Ni kichaka cha jamii ya maharagwe, kwa hiyo unarutubisha udongo. Unakatwa matawi, unachipuka tena. Ndio unaotoa bulu, na bulu ya nili inashika kuliko karibu rangi zote za mimea. Lakini kazi yake ni ngumu: majani yanalowekwa mpaka yachachuke, maji yanapigwapigwa kwa fimbo pamoja na chokaa ili hewa iingie, na tope la bulu linashuka chini. Kiisha, ili kutia nguo rangi, tope hilo linapaswa kuyeyushwa tena, kwa mfano kwa chokaa na ndizi zilizoiva sana. Nguo inatoka ya kijani, na ikipata hewa inageuka bulu mbele ya macho yako. Chokaa inaunguza ngozi, vaa glavu. Tunashauri kikundi kianze na rangi zingine, na nili iwe darasa la pili.

Rangi zinazodanganya

Kuna mimea inayotoa maji ya rangi kali sana, mtu anafurahi, kiisha nguo inapauka katika wiki chache. Tuitaje wazi ili mtu asipoteze kitambaa chake.

Lengalenga nyekundu na biterave: inaonekana kama damu ndani ya sufuria, haibaki kwenye nguo. Maua mekundu ya ngaingai: mekundu kwenye sufuria, lakini ukiosha kwa sabuni yanageuka kuwa kijivu. Manjano, ile ya pilau: njano kali kuliko zote, lakini jua linaikula haraka. Mzingefuri, ule mti wa mbegu nyekundu ambao Wafaransa wanauita rocou: ni mzuri sana kwa rangi ya chakula, na watu wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiuuza nje kwa kazi ya siagi na jibini, lakini nguo yake haiwezi kukaa juani.

Hizi si mimea mibaya. Ziuze kama chakula. Usiziuze kama nguo.

Shabu, chuma, na vile ambavyo hatutaki kuona

Rangi nyingi za mimea zinahitaji kitu cha kuzifunga kwenye uzi. Fikiria mtu anayetaka kufunga mbuzi kwenye mti: bila kamba, mbuzi anakwenda. Kamba yetu ya kwanza ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo kwenye famasia wanaliita alun, ambalo watu wengine wanasafishia maji ya kunywa na vinyozi wanapaka baada ya kunyoa. Kipimo cha mafundi ni gramu 100 mpaka 150 za shabu kwa kilo 1 ya kitambaa kikavu. Ukizidisha, hupati rangi zaidi. Unatupa feza tu mtoni.

Kamba ya pili ni chuma. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki moja ao mbili, unapata maji ya chuma. Kiasi kidogo tu kinageuza njano kuwa kijani cha zeituni, na kahawia kuwa kijivu ao nyeusi. Lakini chuma ikizidi inakula uzi na nguo inachanika yenyewe. Anza na vijiko vichache, tazama, kiisha ongeza.

Sasa, sikilizeni vizuri: msichanganye shabu na shaba. Ile unga ya bulu ya sulfate ya shaba, ambayo wakulima wanatumia kutengeneza dawa ya kunyunyizia nyanya na viazi, inaweza kushika rangi, lakini maji yake yanaua samaki. Tusiitumie kwa nguo. Na kuna unga wa rangi ya machungwa unaoitwa bikromate. Vitabu vya zamani vinausifu. Huo unaleta saratani. Mtu akikuletea, mwambie asante, hapana. Vilevile maji ya betri ya gari hayana kazi yoyote hapa.

Nguo iliyotiwa rangi ya avoka na kushikishwa kwa sumu si nguo ya asili. Ni uongo wenye rangi nzuri.

Namna ya kufanya: kilo 1 ya kitambaa cha pamba

Pima kitambaa kikiwa kikavu. Kilo 1 ni kama mitandio mikubwa kadhaa, kulingana na uzito wake.

1. Osha kabisa. Kitambaa kipya cha dukani kina wanga na mafuta. Kichemshe saa 1 katika maji yenye sabuni na magadi kidogo. Maji yatatoka ya njano na machafu. Suuza. Ukiruka hatua hii, rangi itashika kwa mabaka.

2. Tanini. Chemsha gramu 300 za gome kavu la akasia kwa saa 1, chuja, weka kitambaa, kilale humo usiku mmoja. Kitapata rangi ya kahawia hafifu, ni sawa. Ukitumia kokwa za avoka, ambazo zina tanini yake, unaweza kuruka hatua hii.

3. Shabu. Yeyusha gramu 150 za shabu katika maji ya moto, ongeza maji ya vuguvugu mpaka kitambaa kiogelee bila kubanwa. Kilale humo usiku mwingine. Kamua, usikikaushe.

4. Rangi. Kwa maganda makavu ya vitunguu, tumia gramu 300 mpaka 500. Kwa kokwa za avoka, kilo 1 mpaka 2. Chemsha saa 1, chuja vizuri, kiisha weka kitambaa kilicho na maji. Moto mdogo kwa saa 1, ukikigeuza mara kwa mara. Zima moto, acha kipoe humo mpaka asubuhi.

5. Anika kivulini. Subiri siku chache ndipo ukioshe kwa sabuni isiyo kali.

Andika kila kitu kwenye kaye: uzito, siku, gome lilitoka wapi, saa ngapi za moto. Mteja akirudi kuomba mitandio 20 "kama ile ya kwanza", kaye ndiyo itakayokuokoa. Na sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe. Iwekee alama, hata kama inaonekana safi.

Maji na makala: hapo ndipo ukweli unaonekana

Hesabu pamoja nasi. Kila hatua ya kilo 1 inadai karibu lita 20: kuosha, tanini, shabu, rangi, na kusuuza mara mbili. Jumla ni lita 120, yaani bidoni 6. Nani anabeba bidoni hizo? Kama ni mama mwenye mtoto mgongoni na kisima kiko mbali, basi rangi hiyo "ya asili" imelipwa kwa mgongo wake. Kikundi kijipange: kazi ifanyike karibu na maji, ao wakati wa mvua maji yakusanywe kwenye mapipa chini ya mabati. Na wanaume wabebe pia.

Moto ni vilevile. Tunajua makala ya Goma na Bukavu yanatoka wapi, na misitu imebaki namna gani. Ukichemsha mara 3 kwa moto mkubwa, umemaliza kuni nyingi kuliko chakula cha siku. Zipo njia za kupunguza. Tumia jiko lililoboreshwa na funika sufuria. Rangi ikishapata moto, ondoa sufuria na uifungie ndani ya kitunga kilichojaa majani makavu ya migomba. Itabaki na joto kwa saa nyingi. Usimwage maji ya shabu ao ya rangi baada ya mara moja: shabu inaweza kuongezewa nusu ya kipimo na kutumika tena, na rangi ya pili inatoa nguo nyepesi zaidi, ambayo wateja wengine wanaipenda kuliko ile nzito.

Maji ya mwisho yasiende mtoni wala karibu na kisima. Chimba shimo mbali, weka mchanga na majivu chini, mwaga humo. Maji ya shabu ni makali kidogo kama ndimu. Ukiyamwaga kila wiki kwenye mboga zilezile, mboga zitanyauka. Maganda yaliyochemshwa yanakwenda kwenye mboji.

Jaribio la jua na sabuni

Mteja atauliza swali moja tu: "Mama, hii rangi itatoka?" Usimjibu kwa kuapa. Mjibu kwa kumwonyesha.

Kata kipande kidogo cha kila kitambaa. Funika nusu yake kwa karatasi ngumu, nusu nyingine iache wazi. Kiweke fasi yenye jua kwa wiki 2. Kipande kingine kioshe mara 5 kwa sabuni ileile ambayo watu wa kijiji wanafulia. Kiisha, weka vipande vyote kando ya kile ambacho hukukigusa. Vikifanana, uza. Vikitofautiana kidogo, uza lakini umwambie mteja: "Fua peke yake, anika kivulini." Vikitofautiana sana, usiuze.

Vipande hivyo vibandike kwenye kaye ya kikundi. Mnunuzi akifika, mfungulie ukurasa. Koperative inayoonyesha hata rangi zake zilizoshindwa inaaminiwa kuliko ile inayosema kila kitu ni kizuri.

Tuuze nini, kwa beyi gani?

Tusijidanganye kwamba tutashindana na vikwembe vya kiwanda sokoni. Kikwembe kina maua makali ya rangi kumi, beyi iko chini, na mama wa kijiji anaipenda. Soko letu ni lingine, tena dogo: mitandio, mifuko, mito ya viti, na hasa vitunga na mikeka. Rafia, mkonge na nyuzi za migomba zinapokea rangi vizuri, na vikundi vyetu tayari vinajua kusuka. Njia nyingine ni kuuza malighafi: maganda makavu ya vitunguu ao maua ya tagetes, yamekaushwa kivulini na kupimwa vizuri, kwa mafundi wa mjini.

Kwa beyi, andika yote: kitambaa, shabu, makala, sabuni, usafiri, na siku za kazi za kila mtu. Kiisha kuna jambo ambalo vikundi vinasahau: vitambaa vinavyoharibika. Tuseme mmetia rangi mitandio 10, na 2 imetoka na mabaka. Gharama zote gawanya kwa 8, si kwa 10. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya mtandio mmoja. Faida iwekwe juu ya hapo. Kama mnunuzi anakataa beyi hiyo, ni afadhali kujua mapema, kabla ya kununua kitambaa kwa deni.

Tena, msinunue mzigo mkubwa mwanzoni. Kilo 1, kiisha kilo 1 nyingine. Mkataba wa mnunuzi uwe na kitu mkononi: malipo ya kwanza, hata kidogo, kabla ya kuchemsha sufuria.

Kwa mkutano wenu ujao

Kabla kikundi hakijaanza, mwenyekiti na aulize mambo haya mbele ya wanachama wote, na katibu aandike majibu. Tunavuna nini: jani, ganda na taka, ao uhai wa mti? Nani atabeba maji, na atalipwa? Moto utatoka wapi? Maji machafu yatakwenda wapi? Vipande vyetu vya jaribio vinasema nini? Na kama mnunuzi asipokuja, tumepoteza nini?

Kama majibu yanasimama, anzeni na gunia moja la maganda ya vitunguu. Halina gharama, halichukui shamba la mtu, na hata mkikosea, mboji itafurahi. Mukula iachwe msituni iendelee kukua kwa ajili ya watoto wetu, na rangi yetu tuitafute chini ya meza za sokoni.